Jinsi Mabruka binti Fadlalla Alivyovusha Mablanketi Kumi na Manne ya Viraka Mpaka Kawangware

Njooni, enyi mpitao! Wewe uliyejitwika ndoo ya maji, itue. Nawe ukaangaye mandazi, punguza moto. Nanyi mliokaa juu ya reli ya Laini Saba mkingoja treni iwapigie honi ndipo mwinuke, inukeni leo kwa hiari yenu, msogee, mketi. Nitawasimulia habari za vita. Si vita vya mikuki, wala vya mawe ya wakati wa kura. Ni vita vilivyopiganwa kwa sindano na uzi, kwa mkokoteni mmoja na ulimi wa muuza omena, na jemadari wake alikuwa mwanamke wa miaka sitini na miwili mwenye goti bovu. Mola anijalie pumzi nisije nikaruka hata mshono mmoja.

Ilikuwa Julai, mwezi ambao Nairobi yote hutembea imejikunyata kama kuku aliyenyeshewa. Siku ya Jumanne, kule Kawangware, moto ulizuka katika safu ya nyumba za mabati, na kwa kuwa nyumba zile zimeegemeana bega kwa bega, moto haukuhitaji kubisha hodi. Kabla chai haijachemka, familia kumi na nne zilikuwa zimesimama barabarani na nguo walizovaa, wakitazama moshi. Hakufa mtu, Mungu ashukuriwe, na hapo mimi sitii mzaha. Wakapewa ukumbi wa kanisa walale, nao ukumbi ule una sakafu ya saruji na madirisha ambayo hata yakifungwa hayafungiki.

Habari ile ilimfikia Mabruka binti Fadlalla kibandani pake kando ya reli. Mjue kwanza ni nani huyu. Ni binti wa Wanubi wa Makina, ambao babu zao walikuja Kibera na bunduki begani wakaacha wajukuu wenye sindano mkononi. Yeye hudarizi mashuka ya maharusi, na shuka la Mabruka likitandikwa, bibi harusi aliyekuwa akilia hunyamaza ili alitazame vizuri. Lakini Mungu aliyempa vidole vile alimnyima sauti: mbele ya watu watatu maneno yake huingia ndani kama kobe.

Aliyemletea habari alikuwa na sauti ya watu wanne. Huyo ni Risper, Tarumbeta ya Ziwa, muuza omena, wale dagaa wa ziwani, wa Kisumu Ndogo, ambaye akimwita mteja kibandani kwake, mtu wa mtaa wa Olympic hugeuka.

"Mama Iman!" Risper alinguruma, na kuku wawili wakahama. "Nimetoka huko Kawangware na wamama wa kanisa. Watoto wanalala wamefunikwa na magunia! Magunia ya viazi! Kwani wao ni waru, wapelekwe soko asubuhi?"

Mabruka akaiacha sindano katikati ya ua alilokuwa akilidarizi. Blanketi la ziada hakuwa nalo. Lakini nyuma ya cherehani yake palikuwa na magunia matatu ya mabaki ya vitambaa: vipande vya kitenge, ncha za sare za shule, masalio ya suti za mafundi jirani, pembe za pazia la zambarau ambalo mwenyewe hakurudi kulichukua. Akayatazama kama jemadari atazamavyo kikosi kilicholala. Kisha akainuka, goti likalia *ka!*, akatamka maneno ambayo Laini Saba haitayasahau:

"Risper, niitie wenye vidole. Tunashona mablanketi ya viraka. Kumi na manne. Asibaki mtu."

Binti yake Iman, aliyekuwa akipiga pasi, akainua kichwa. "Mama, usikasirike. Watu wameunguliwa na kila kitu, halafu uwapelekee matambara? Si watasema Kibera imewatupia takataka?"

Mabruka akafungua gunia la kwanza. Lakini neno lile lilimwingia kama sindano chini ya ukucha, na kuanzia saa ile hadi mwisho wa safari lilikuwa humo humo likimdunga.

Basi wakakusanyika wanawake saba chini ya mabati ya kibanda kile, wakashona siku tisa. Ee siku tisa! Upande wa juu uliungwa viraka. Upande wa chini, shuka imara. Na katikati, ili baridi ikigonga isikie kwamba kuna watu, waliweka sweta kuukuu za soko la Toi, zilizofuliwa, zikapasuliwa, zikatandazwa. Mabruka alikata na kupanga, kwa maana hakuvumilia kuona nyekundu imekaa karibu na chungwa bila mpatanishi. Treni ilipopita na ardhi ikatetemeka, sindano saba zilisimama hewani kwa nidhamu ya askari wa gwaride, kisha zikashuka pamoja. Vidole vilichomwa, mkasi ulipotea ukapatikana umekaliwa, na Risper, mshonaji wa nane, ambaye hakuweza kuacha biashara yake, alishona blanketi moja zima akiwa kwenye meza ya omena. Juu ya blanketi hilo nitasema mbele.

Siku ya kumi asubuhi jeshi liliondoka.

Gari lao la vita lilikuwa mkokoteni wa Musyoka, Bega la Chuma, mwanamume ambaye amewahi kuvuta friji, mbuzi na mwenye mbuzi kwa safari moja. Mablanketi yalipangwa juu yake kama mnara, yakafungwa kamba. Musyoka akashika mikono ya mkokoteni, akatazama mbele, akahutubu:

"Wamama, mimi nimebeba simiti, nimebeba mawe, nimebeba hata jeneza. Lakini mzigo ya kupiga watu joto sijawahi. Leo nikianguka, nianguke juu yake."

"Usianguke hata kidogo," akasema Mabruka, "lile la zambarau liko juu."

Wakapita Makina, na watu wakasimama milangoni. Wakapita Toi, na wauza mitumba wakazitambua sweta zao zikichungulia kwenye mshono mmoja uliolegea, wakazipungia mkono. Risper akatangulia akifungua njia: "Songeni! Songeni! Joto inapita!" Na bodaboda zilisonga, jambo ambalo wazee wanasema halijawahi kuonekana. Mabruka alifuata nyuma, mkono mmoja juu ya goti, mwingine juu ya mnara, akijiuliza kimoyomoyo: wakicheka, nitaweka uso wangu wapi?

Ndipo adui wa kwanza akajitokeza. Walikuwa wamefika Ngong Road, pale mafundi wapangapo vitanda na makabati kando ya barabara, mawingu yalipofunga. Mvua ya Julai kwa kawaida hunyunya kwa adabu. Siku hiyo adabu iliisahau nyumbani. Lilianza tone moja, likafuatwa na ndugu zake, na karatasi ya nailoni ambayo Musyoka huibeba kwa ajili ya mvua ilipokunjuliwa ikaonekana ina matundu kama chujio.

"Tumekwisha!" Risper akapiga kelele. "Sweta zikilowa hazikauki mpaka Krismasi!"

Musyoka akatazama kulia, akatazama kushoto, akamwona fundi mmoja mtu wa kwao, Kavoi, akiwa anafunika makabati yake kwa turubai. "Kavoi! Ndugu yangu! Fungua milango!"

Kavoi hakuuliza. Kuna watu wa namna hiyo, na dunia imesimama juu yao. Akafungua makabati matatu mapya yaliyonukia vanishi, na kumbe kila mtu aliyekuwa karibu alikuwa ameshashika blanketi: mafundi wawili, muuza karanga, mwanamke aliyekuwa akipita na mwavuli. Yakakimbizwa kama watoto wachanga, yakatumbukizwa ndani, milango ikafungwa, turubai likashushwa. Mabruka akajisimamisha mbele ya kabati la kati, mikono ameinyoosha, ili mvua ikitaka kupita ipite kwanza kwake.

Ilinyesha robo saa. Ilipokoma, akashuka mwanamke mmoja kutoka kwenye gari, amevaa koti refu, akaja moja kwa moja kwa Kavoi kutafuta kabati. Akafungua moja lililokuwa tupu, akapigapiga mbao, akanusa. Akafungua la pili, akaingiza kichwa. Humo ndani lilikuwa limekunjwa blanketi la zambarau, na jua jembamba lililofuata mvua lilikuwa limeliangukia.

"Hii ni nini?" akauliza, na sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Ni kabati, madam," akasema Kavoi, "mbao ya mvule, bawaba za—"

"Hapana. Hii." Alikuwa ameshalitoa. Aliligeuza, akapitisha kidole juu ya mshono. "Nani ameshona? Nachukua kabati pamoja na hii. Bila hii sichukui."

Uso wa Kavoi ulikuwa wa kuhurumiwa. Kabati lile lilikuwa limesimama pale tangu Machi. Akamgeukia Mabruka, akakunja mikono kama mtu aombaye dua. "Mama. Moja tu. Si uko nazo kumi na nne?"

Mabruka akafungua kinywa. Kobe akaingia ndani. Akalitazama blanketi lile mikononi mwa mgeni, na kwa mara ya kwanza katika siku tisa sindano iliyokuwa chini ya ukucha wake ikalegea kidogo: kumbe mtu mwenye gari lake na koti lake alilitaka. Kobe akatoa kichwa.

"Liko na mwenyewe," akasema. "Yuko Kawangware. Bado sijamjua jina."

Mwanamke wa koti akamtazama, kisha akalikunja taratibu, akamrudishia kwa mikono miwili. Na Risper, ambaye hawezi kuona mtu anaondoka mikono mitupu, akaruka katikati: "Madam, nunua kabati sasa, ubaki na nafasi ndani! Sisi tutakushonea yako Agosti. Andika namba ya Mama Iman." Mwanamke akacheka, akaandika, na kabati likanunuliwa. Kavoi akausindikiza mkokoteni hatua hamsini akiusukuma kutoka nyuma, akiimba kwa Kikamba.

Wakaingia Kawangware saa saba, magurudumu yamevaa matope, na hapo, mlangoni mwa ukumbi wa kanisa, ndipo palipokuwa vita vyenyewe.

Mlango ulilindwa na Shivachi, mwandishi wa kamati ya msaada, mrefu, mkavu, kalamu sikioni. Juu ya kichwa chake palibandikwa tangazo: VITU VIPYA TU. MITUMBA HAPANA. Msimwone mtu mbaya. Siku zile kumi alikuwa amepokea viatu vya mguu mmoja, suruali zisizo na makalio, na sanduku zima la tai. Aliapa kwamba watu wake hawatadhalilishwa tena, na kiapo chake alikisimamia kama simba.

"Simameni hapo," akasema. "Mmeleta nini?"

"Mablanketi," Mabruka akajibu, kwa sauti ya kuku wa kuatamia.

"Ni mapya?"

"Mapya kama mtoto wa jana!" Risper akaitikia.

Shivachi akainua ncha ya blanketi moja kwa kalamu yake. "Hii ni viraka. Mama, na heshima zote, hii ni mitumba imeshikana mikono."

Ee, wasikilizaji! Kawangware ilisimama. Mchoma mahindi aligeuza uso, hindi likaungua. Risper akavuta pumzi iliyotosha kupuliza moto wa majiko kumi, akapanda juu ya jiwe. "Wewe Shivachi! Wanawake wanane! Siku tisa! Vidole zimetobolewa kama nailoni ya Musyoka! Unajua mimi leo nimeacha wateja wangapi wakinunua kwa Aluoch jirani yangu, ambaye omena yake iko na mchanga?"

"Ndani kuna nini?" Shivachi akauliza, hajatikisika.

Mabruka hajui kusema uongo. Ni kilema alichozaliwa nacho. "Sweta."

"Za duka?"

"Za Toi."

Risper akafumba macho. "Mama Iman. Si ungesema pamba?"

"Hakuuliza kama ni pamba."

Shivachi akaminya blanketi kwa vidole. "Hapa kuna kitu ngumu."

"Ni kifungo," Mabruka akakiri. "Kilibaki."

"Hiyo ni bonasi!" akasema Risper.

Shivachi akainama, akanusa. Hili lilikuwa lile blanketi la Risper. "Na inanuka omena."

"Inanukia," Risper akamrekebisha. "Nusa tena kwa heshima."

Watu wakaanza kucheka. Kicheko kile kilikuwa cha furaha tu, lakini Mabruka alikisikia kama kile alichokiogopa siku tisa, na miguu yake ikataka kugeuka. Ndipo kitu kikapanda ndani yake, kikapita goti, kikapita kifua, kikafika ulimini. Akapiga hatua moja mbele. Watu zaidi ya thelathini walikuwa wanamtazama, naye akasema:

"Ndugu yangu Shivachi. Umekula leo?"

"Nimekula."

"Nini?"

"Ugali na sukuma wiki."

"Ugali ilikuwa mpya?"

"Moto kabisa. Imetoka jikoni."

"Na mahindi yake? Yalivunwa jana?"

Shivachi akairudisha kalamu sikioni.

"Mahindi ni ya mwaka jana," Mabruka akaendelea, na sauti yake, ndogo lakini imenyooka kama uzi uliotiwa nta, ilifika hadi kwa mchoma mahindi. "Unga ulikaa gunia, ukakaa duka, ukakaa mkebe. Lakini ugali ni mpya, kwa sababu kuna mtu amesimama kwa moto akausonga, ukiwa unangojewa. Hivi vitambaa ni vya zamani. Sweta ni za zamani. Mimi pia ni wa zamani. Lakini blanketi hili halikuwepo duniani Jumatano ya wiki iliyopita. Tumelisonga."

Hata bodaboda zilizima injini, ama zilikuwa zimeishiwa petroli. Mimi nasimulia nilivyosikia.

Shivachi akakuna sikio. "Maneno ni mazuri," akasema, "lakini mimi lazima nihakikishe kazi yake." Akalichukua blanketi la omena, akalitupa mabegani mwake juu ya koti, akasimama kama mkaguzi. Upepo wa Julai ukapita. Ukamwendea kila mtu pale, ukamwendea na yeye, ukagonga, ukaambiwa ndani kuna watu. Mabega yake yakashuka kidogo. Kisha yakashuka tena. Akafungua kinywa kutoa hukumu, na kilichotoka kilikuwa mwayo.

Wakati huo huo akatoka ndani Lavender, mmoja wa waliounguliwa, mtoto mgongoni, macho mekundu ya mtu asiyelala, aone ni kelele gani. Akalitazama tangazo, akautazama mkokoteni, akamtazama Shivachi alivyojifunika.

"Ati shida ni nini?"

"Kamati inachunguza," akasema Shivachi kutoka ndani ya blanketi, "kama ni mapya."

"Shivachi," akasema Lavender taratibu, "mimi nimejifunika gunia ya viazi siku kumi. Hiyo gunia ilikuwa mpya?"

Hapo, enyi watu, ngome ilianguka. Sikuona mimi, lakini wanasema Shivachi alicheka mpaka kalamu ikamdondoka sikioni, akageuka, akalibandua tangazo kwa mkono wake mwenyewe, akafungua milango yote miwili.

Lavender akaenda kwenye mkokoteni. Akachagua la zambarau, akalisogeza usoni, akaligeuza chini juu, akaona mishono ya mkono, midogo, mingi. "Nani ameshona hii?"

"Mimi," akasema Mabruka.

"Ulikuwa unashonea nani?"

"Nyinyi."

"Kwani ulikuwa unatujua?"

"Hapana."

Lavender akatikisa kichwa polepole. "Sijawahi shonewa kitu," akasema mwishowe. "Mimi hununua tu chenye kiko." Akalivuta likamzunguka yeye na mtoto, akaingia ndani. Na ile sindano chini ya ukucha wa Mabruka, mwaijua, ilitoka.

Ugawaji ulikuwa ghasia tamu. Mabibi wawili walivutana kwa ajili ya lile la maua, wakakubaliana kulala jirani. Mzee mmoja alidai lile la sare za shule, kwa sababu, alisema, hakuwahi kufika darasa la nane na sasa atalala humo. La omena liligombewa na watu watano wa kutoka Ziwa, wakidai linawakumbusha kwao, na Risper akatembea ukumbini kifua mbele akiwaambia wote kwamba ni kazi yake. Kumi na manne yakaisha. Hakubaki mtu.

Kisha likatokea jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Ilikuwa saa kumi alasiri, jua bado liko juu ya mabati, wachuuzi bado wanaita. Lakini watu wale walikuwa hawajapata joto tangu Jumanne ya moto. Mmoja akajilaza kidogo kujaribu, akanyamaza. Mwingine akajaribu. Haikupita nusu saa ukumbi mzima ulikuwa umelala, watoto, mabibi, mzee wa darasa la nane, vilima kumi na vinne vya rangi juu ya saruji, vikipanda na kushuka. Shivachi alisimama mlangoni kidole midomoni, akimkemea kwa macho kila apitaye. Wakasema kwaheri kwa ishara za mikono. Nanyi andikeni hili katika vitabu vyenu: Risper alinong'ona.

Mabruka alitaka kurudi kwa miguu kama alivyokuja, lakini goti lake lilikataa kwa kura zote. Musyoka akapangusa mkokoteni mtupu kwa shati lake, akamwambia, "Panda, mama." Akapanda, akaegemea kamba zilizokunjwa, akasema atafumba macho hadi Dagoretti Corner tu. Walipopita kwa mafundi wa Ngong Road, Kavoi akasimamisha nyundo zote, na barabara ile, ambayo haijawahi kumnyamazia waziri wala msafara wa harusi, ikanyamaza. Majemadari wengine hurudi nyumbani wakipigiwa ngoma na mizinga. Mabruka binti Fadlalla aliingia Laini Saba jua likizama, amelala chali juu ya mkokoteni, kinywa wazi, anakoroma. Na watu walisimama pande zote mbili za reli wakampisha, wengine wakavua kofia, kwa maana walijua wanaipisha historia.